Kiingereza cha utalii: mgeni hasomi cheti chako, anakusikiliza

Kila mwisho wa muhula vyuo vya hoteli na utalii hutoa wahitimu, na kila mwisho wa muhula mameneja wa hoteli hurudia lalamiko lile lile: kijana ana cheti kizuri, lakini mgeni akimsemesha anaangalia sakafu. Vijana nao wana lao. Tumelipa karo, wanasema, tumefanya mtihani, tumefaulu, mbona tukifika mlangoni mwa hoteli tunapimwa upya kana kwamba hatujasoma?

Malalamiko yote mawili ni ya haki. Meneja hasemi uongo, na kijana hasemi uongo. Tatizo liko katikati yao, mahali ambapo wengi wetu hatupatazami: namna mwanafunzi wa Kiingereza cha utalii anavyopimwa kabla ya kupewa hicho cheti.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu niliposhinda siku chache Free Area, mtaa wa Nakuru ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi. Msomaji wa Kisauni au Malindi atauliza, Free Area yatuhusu nini sisi wa Pwani? Yatuhusu sana. Msimu ukilala Diani na Watamu, vijana wetu hutafuta kazi katika hoteli za Naivasha na Nakuru. Desemba ikifika na hoteli zetu zikijaa, wale wa huko huja kwetu. Cheti wanachobeba ni cha aina moja, na kasoro ya kipimo inayomuumiza kijana wa Free Area ndiyo inayomuumiza kijana wa Mtwapa.

Isitoshe, Free Area ni mahali ambapo utalii uko karibu na macho lakini mbali na mkono. Lango la Lanet la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru haliko mbali. Magari ya watalii yatokayo Nairobi hupita barabarani hapo asubuhi hadi jioni. Kijana anaweza kukulia pale, akahesabu magari hayo utoto wake wote, asipate hata siku moja kuingia katika kazi ile. Mzazi wake, pengine muuza mboga au mwendesha boda boda, akisikia kuna kozi ya utalii yenye Kiingereza ndani yake, hulipa karo kidogo kidogo kwa imani kwamba cheti ndicho kitakachoziba ule umbali. Ndiyo maana swali la mtihani si la walimu peke yao. Ni swali la pesa za maskini.

Swali la flamingo

Tuanze na kazi yenyewe. Mgeni akifika Ziwa Nakuru, swali lake la kwanza mara nyingi huwa: flamingo wako wapi? Picha alizoziona kabla ya kupanda ndege zilimwonyesha ufuo wa rangi ya waridi, ndege hao, ambao kwa Kiswahili tunawaita heroe, wakiwa wengi hata maji hayaonekani. Anachokiona sasa ni maji mengi na miti mikavu iliyosimama ndani ya ziwa.

Jibu lipo, na ni zuri. Tangu mwanzoni mwa muongo uliopita maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakijaa. Maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, yakafunika barabara za kando ya ziwa na hata eneo la lango kuu la zamani. Maji matamu ya mito na mvua yalipoingia kwa wingi, magadi ya ziwa yakapungua nguvu. Mwani mdogo ambao heroe huula hupenda maji ya magadi, nao ukapungua. Ndege wakafuata chakula, wengi wakaenda Bogoria na maziwa mengine ya magadi. Hali ikibadilika, baadhi hurudi.

Mgeni atauliza tena: na ndovu? Mbuga hii haina ndovu. Lakini ina vifaru weusi na weupe, kwa kuwa tangu miaka ya 1980 imekuwa hifadhi maalumu ya kifaru, na ina twiga wa Rothschild ambao hawapatikani kila mahali. Mwongozaji mwenye akili atamhamisha mgeni kutoka kwenye huzuni ya flamingo hadi kwenye furaha ya kifaru, na siku itakuwa imeokoka.

Sasa niambie, kumweleza mgeni aliyechoka mambo haya kwa dakika mbili, kwa Kiingereza anachokielewa, huku ukimtazama usoni kujua kama anakufuata, huo si mtihani? Kijana anayeweza hilo amefaulu, hata kama ulimi wake utateleza kati ya "has" na "have". Na anayeweza kupigia mstari kila kitenzi katika sentensi kumi, lakini akiulizwa flamingo wako wapi anacheka kwa aibu, huyo bado hajafaulu, hata tukimpa alama tisini.

Mdomo unaopimwa kwa kalamu

Mtindo wetu wa kupima hauanzi chuoni. Unaanza shuleni. Mtihani wa KCSE wa Kiingereza una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Katika karatasi ya kwanza kuna sehemu ya stadi za kuongea, nayo ina alama 30. Mtahiniwa hujibuje maswali ya kuongea? Kwa kalamu. Anaandika maneno yanayofanana kwa sauti. Anaonyesha silabi inayotiwa mkazo. Anajaza mazungumzo yenye mapengo, au anaeleza angejiandaa vipi kwa mahojiano. Yote kimya kimya, msimamizi akitembea kati ya madawati kuhakikisha hakuna anayefungua mdomo.

Simlaumu Baraza la Mitihani. Watahiniwa wa KCSE sasa ni zaidi ya laki tisa kwa mwaka. Kumsikiliza kila mmoja ni kazi isiyo ndogo, na karatasi husahihishwa kwa usawa kuliko sauti. Lakini matokeo yake tuyakubali: kijana anaweza kumaliza miaka yote ya shule bila kupewa hata alama moja ya mtihani wa taifa kwa sababu ya maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Kijana huyo ndiye anayeingia chuo cha utalii. Kwa miaka mingi mitihani ya vyuo ilimngojea na karatasi nyingine. Eleza maana ya mawasiliano. Taja vizuizi vitano vya mawasiliano. Andika barua ya kuomba radhi kwa mgeni. Mwanafunzi anakariri vizuizi vitano, anavitaja vyote kwa mpangilio, anapata alama zake, na kizuizi cha sita, ambacho ni kwamba yeye mwenyewe hawezi kuongea, hakikuulizwa.

Serikali iliona kasoro hii. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 ilileta chombo kipya, TVET CDACC, na mfumo wa kupima umahiri: mwanafunzi aonyeshe kwa vitendo anachoweza kufanya, kitengo kwa kitengo, na aweke ushahidi katika faili. Asiyefika kiwango hasemwi amefeli. Husemwa bado hajawa mahiri, na anaweza kurudia. Kwa maandishi, huu ni mfumo unaofaa kabisa kazi ya hoteli. Shida ni jinsi unavyoweza kutekelezwa na chuo chenye vyumba vitatu, mwalimu mmoja wa lugha na haraka ya kumaliza muhula.

Nilipokuwa Free Area kijana mmoja alinionyesha faili lake la ushahidi. Kitengo cha mawasiliano kilikuwa kimejaa kurasa za majibu kwa mwandiko wa kupendeza, na orodha ya mambo yaliyowekewa tiki moja moja. Nikamuuliza ni lini alizungumza kwa Kiingereza na mtu asiyemjua, kisha akapewa alama kwa mazungumzo hayo. Alifikiri kidogo, akaniambia waliigiza siku ya tathmini, yeye akiwa mhudumu na mwenzake akiwa mgeni, na mazungumzo yote walikuwa wameyakariri tangu wiki iliyotangulia.

Hapo mfumo mpya umevaa nguo za zamani. Mgeni wa kweli hajakariri sehemu yake.

Ndiyo na la

Kuna wanaosema haya ni mambo madogo, kwamba kijana atajifunza kazini. Mengine kweli hujifunza. Mmarekani akimaliza kula huomba "check", Mwingereza huomba "bill", na mhudumu akishakosea mara moja hatakosea tena. Ghorofa ya kwanza ya Mmarekani ni ile iliyo chini kabisa, ya Mwingereza iko juu ya ngazi. Mgeni akijikwaa, sisi husema "sorry" tukimaanisha pole, naye hushangaa mbona tunaomba radhi kwa kosa lisilo letu. Mhudumu husema "I'm coming" huku akiondoka, kwa sababu kichwani mwake anasema nakuja. Mgeni anabaki kumtazama mgongo. Haya ni ya kucheka, na yanapita.

Lakini lipo moja lisilo la kucheka. Kiswahili kina utaratibu wake wa kujibu. Ukiniuliza, "Chakula hiki hakina karanga?" nami najua zimo, nitajibu, "La, zimo." La yangu inakanusha maneno yako. Kiingereza hakiendi hivyo. Ukiulizwa swali hilo kwa Kiingereza ukajibu "No", mgeni anasikia: hakina karanga.

Sasa chukua mgeni ambaye mwili wake haustahimili karanga. Anamuuliza mhudumu kwa Kiingereza, hakuna karanga humu? Mhudumu anajua vizuri kwamba mchuzi ule una karanga za kusaga. Kwa nia safi kabisa, akifuata mantiki ya lugha aliyonyonya kwa mama yake, anajibu "No". Mgeni anamshukuru, anachota kijiko. Watu hufa kwa karanga, na hapo hakuna aliyedanganya.

Hakuna zoezi la kujaza mapengo litakalolinasa kosa hili, kwa sababu sarufi ya jibu lile haina kosa. Litanaswa na kitu kimoja tu: mtu kukaa mbele ya mwanafunzi, kumuuliza swali la namna hiyo bila kumtayarisha, na kutazama kama atajibu kwa neno moja au atathibitisha kwa sentensi kamili kwamba chakula kina karanga, mgeni asile. Kuthibitisha ni stadi. Inafundishika, na inapimika. Katika karatasi haina mahali pake.

Walioamua kupima sauti

Si kwamba dunia haijui kupima lugha ya kazi. Inajua, pale inapoogopa. Januari 1990 ndege ya shirika la Avianca la Colombia ilikuwa ikizunguka angani ikingojea kutua New York, mafuta yakaisha, ikaanguka Long Island. Watu 73 walikufa. Marubani walikuwa wamesema mafuta yanawaishia, lakini hawakulitamka neno la dharura ambalo lingewafungulia njia mara moja. Ajali hiyo na nyingine zenye kasoro za mawasiliano ndani yake ziliwasukuma wakuu wa usafiri wa anga duniani, shirika la ICAO, kuweka kipimo cha lugha kwa marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa, kilichoanza kutumika Machi 2008.

Tazama walivyokipanga. Wanapima kuongea na kusikiliza tu. Hawampi rubani insha. Wanaangalia mambo sita: matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, mtiririko, ufahamu, na uwezo wa kujibizana. Kuna daraja sita, na anayetaka kuruka kimataifa sharti afike la nne. Lafudhi ya kwao haimzuii, maadamu haimfichi maana. Na aliye daraja la nne hurudi kupimwa kila baada ya miaka mitatu, kwa kuwa lugha isiyotumika huota kutu.

Hata sisi wenyewe hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mtoto wa madrasa anayehifadhi Qurani hapewi karatasi ya kuchagua jibu sahihi. Hukaa mbele ya ustadhi, akasoma, na ustadhi akasikiliza kila herufi inatoka wapi. Akikosea husimamishwa, akarudia. Katika mashindano ya kuhifadhi, mwamuzi huanzisha aya mahali popote apendapo na mtoto huendeleza hapo hapo. Hajui ataanzishwa wapi, kwa hiyo hawezi kujiandaa kwa ukurasa mmoja. Wazee wetu walifahamu zamani kwamba kilicho cha ulimi hupimwa kwa sikio.

Katika utalii wenyewe, chama cha waongoza safari, KPSGA, kilichoanzishwa 1996, kina madaraja matatu ya shaba, fedha na dhahabu, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo anavyotakiwa kusimama na kueleza mbele ya wanaojua. Wenye dhahabu ni wachache mno nchini, na kampuni za safari zinawaheshimu kwa sababu zinajua daraja lile halipatikani kwa kukariri.

Mtihani ungekuwaje

Wanaopinga mtihani wa kuongea wana hoja mbili, na zote mbili zinastahili jibu. Ya kwanza ni muda na gharama. Ya pili ni upendeleo.

Kuhusu muda, tufanye hesabu. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja dakika 10, ni dakika 400. Hiyo haifiki saa saba. Ni siku moja ya kazi, mara moja kwa muhula. Chuo kinachodai hakina siku moja ya kumsikiliza mwanafunzi aliyelipa karo ya muhula mzima, kina jambo jingine kinachokosa, wala si muda.

Dakika hizo kumi zitumike kwa kazi tatu. Kwanza, maelezo ya mahali: Nakuru liwe swali la flamingo au kifaru, Mombasa liwe Fort Jesus, Watamu liwe kasa na matumbawe. Mwanafunzi aeleze kwa dakika mbili, kisha mpimaji amkatize na swali ambalo hakulitarajia. Pili, tatizo: mgeni amefika usiku na chumba alicholipia kimepewa mtu mwingine, au maji ya moto hayatoki, au ni lile la karanga. Hapa tunatazama kama mwanafunzi anasikiliza kwanza, anauliza, anatuliza, kisha anathibitisha walichokubaliana. Tatu, kusikiliza: sauti zilizorekodiwa za watu wanaoongea Kiingereza kwa namna mbalimbali, Mhindi, Mjerumani, Mmarekani, Mganda, wakiagiza chakula au wakibadilisha siku ya kufika. Mwanafunzi aandike alichosikia kwenye fomu. Hapo kalamu ina kazi yake halali, kama inavyokuwa nayo kwa mtu wa mapokezi anayejibu barua pepe.

Hiyo sauti ya Mganda sikuiweka kwa mapambo. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa takriban milioni 2.4, na baada ya Marekani, nchi zilizoongoza kwa kutuletea wageni ni Uganda na Tanzania. Wageni wetu wengi Kiingereza chao ni cha kujifunza, kama chetu. Mwanafunzi anayefundishwa kuiga lafudhi ya redio ya London ataelewana vibaya na Mjerumani na Mhindi. Na Mtanzania akifika, Kiswahili safi cha mhudumu kitamfurahisha kuliko Kiingereza chochote, jambo ambalo vyuo vyetu havilitii alama hata kidogo.

Kuhusu upendeleo, hoja ni nzito zaidi. Karatasi ina nambari, lakini sauti ina uso. Nakuru ni jiji la makabila mengi, na mtu akifungua mdomo, ile l na r yake, d na nd yake, inamtangaza kwao ni wapi. Mpimaji mwenye chuki ataitumia. Msichana aliyevaa hijabu anaweza kupimwa vazi kabla ya kupimwa neno. Hatuwezi kujifanya hayo hayapo.

Dawa yake inajulikana. Wapimaji wawe wawili, na mmoja atoke nje ya chuo, mtu anayefanya kazi ya kupokea wageni kila siku. Kila mmoja aandike alama zake peke yake kabla ya kushauriana, na zikitofautiana sana mazungumzo yasikilizwe tena. Yatasikilizwaje? Simu yoyote leo inarekodi. Mwanafunzi asiyeridhika awe na haki ya kukata rufaa na sauti yake iwe ushahidi. Na vigezo viandikwe wazi na vibandikwe ukutani tangu wiki ya kwanza: je, alielewa alichoulizwa? Je, alieleweka? Je, alithibitisha? Je, alikuwa na adabu kwa mgeni aliyekasirika? Je, alichosema kuhusu mahali ni kweli? Sarufi ipewe fungu lake, lisiwe fungu la simba. Lafudhi isikatwe alama ila pale ilipoficha maana.

Jambo la mwisho katika kupima: kazi si moja. Anayetandika vitanda, anayepika, anayepokea simu na anayeongoza safari hawahitaji Kiingereza cha kiwango kimoja. Baraza la Ulaya lilipotoa mwaka 2001 ngazi zake sita za lugha, kuanzia A1 hadi C2, lilizieleza kwa kusema mtu wa ngazi fulani anaweza kufanya nini. Vyeti vyetu vingeweza kusema vivyo hivyo. Badala ya kuandika "Kiingereza: B", cheti kiseme mwenye cheti hiki anaweza kupokea malalamiko ya mgeni na kuyatatua kwa simu. Meneja akisoma hivyo atajua anaajiri nini. Na yule anayetandika vitanda hatanyimwa kazi kwa Kiingereza ambacho kazi yake haikidai.

Wenye ulimi wasio na karatasi

Huku kwetu Pwani tatizo lina sura ya pili, kinyume cha ile ya Free Area. Kule kuna wenye cheti wasioongea. Hapa tuna wanaoongea wasio na cheti. Tembea ufukweni Malindi na Watamu usikie Kiitaliano. Pita Diani usikie Kijerumani. Simama nje ya Fort Jesus uwasikilize waongozaji wakibadilisha lugha kama mtu anayebadilisha gia. Wengi wao hawakukaa darasani hata muhula mmoja. Lugha waliiokota mchangani, neno kwa neno, mgeni kwa mgeni. Tukawaita mabichiboi, tukaona jina limetosha.

Serikali sasa ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa anachojua na kupewa cheti bila kurudi mwanzo wa kozi. Ni sera njema. Lakini iwapo kipimo chenyewe kitakuwa karatasi ya kutaja vizuizi vitano vya mawasiliano, mvulana wa Watamu anayewachekesha Waitaliano mashuani atafeli, na aliyekariri atafaulu. Kipimo cha haki cha kuongea kinawafaa wote wawili: kinamlazimisha chuo amfundishe kijana wa Free Area kuongea, na kinamfungulia mlango kijana wa Watamu ambaye anaongea tayari. Huyo naye ana ya kujifunza, maana ulimi mwepesi si ukweli, na wapo wanaomweleza mgeni historia ya Mji wa Kale ambayo haikutokea. Kigezo cha "alichosema ni kweli?" kitamkamata.

Kilifi tuna Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala pale Vipingo, ambacho ujenzi wake umesuasua kwa zaidi ya muongo mmoja. Viongozi wetu wamepiga kelele kuhusu majengo, na wana haki. Lakini jengo likikamilika na mtihani ukabaki ule ule, tutakuwa tumejenga ukumbi mkubwa zaidi wa kukaa kimya. Huu ndio wakati wa magatuzi ya Pwani, pamoja na Nakuru, kukaa na vyuo na wenye hoteli na kukubaliana mtu wa mapokezi anatakiwa aweze kufanya nini, na nani atamsikiliza akifanya. Wenye hoteli nao wasibaki kulalamika tu. Watoe wafanyakazi wao wazoefu siku moja kwa muhula wakae kwenye meza ya wapimaji. Itawapunguzia kazi ya kupima upya mlangoni.

Na wewe mzazi, uwe Free Area au Likoni, kabla ya kulipa awamu ya kwanza ya karo, mwulize mkuu wa chuo maswali matatu. Mwanangu atapimwa kwa kuongea mara ngapi kabla ya kumaliza? Atapimwa na nani zaidi ya mwalimu wake? Naweza kuvisoma vigezo leo? Akikujibu moja kwa moja, lipa. Akikupeleka kuona kompyuta mpya na rangi ya ukuta, rudi nyumbani na pesa zako ukafikirie tena.